Mtu wa Pili Kwenye Karatasi ya Hoteli

Ninyi vijana mtakaosoma hii, najua simu zenu zinaweka chumba cha hoteli popote duniani kabla chai haijapoa. Sawa. Sasa nisikilizeni mimi niliyeacha shule darasa la tatu. Nitawaambia jinsi karatasi moja ya hoteli ya Moroko ilivyomwaga damu katika uwanja wangu hapa Nyakarenzo, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu. Sitapunguza kitu.

Mke wa mwanangu anauza nguo Kamembe. Wateja wake wengi ni wanawake wa Bukavu, na wanachopenda kwa harusi ni kanzu ndefu za Moroko zenye nyuzi za dhahabu kifuani. Miaka yote alizinunua kwa mama mmoja wa Bukavu aliyezifuata mwenyewe Casablanca. Mwaka jana mama huyo alisema magoti yake yamechoka, afadhali mkwe wangu aende mwenyewe. Jumapili baada ya misa alivuka mpaka akaja kutufundisha. Tukakaa jikoni, sisi wanawake watatu.

"Kwanza siku," alisema. "Usiende wakati wa mfungo wao. Mimi nilienda, maduka yanafunguliwa kisha muchana, na mimi nilikula mukate ndani ya choo kama mwizi. Sikukuu yao ya kondoo nayo, hapana. Bote banarudi kwao, utabaki unaangalia milango ya chuma. Julai na Agosti, bale bao ba Ulaya banarudi likizo, chumba utakitafuta kwa machozi."

"Na hoteli?" mkwe wangu akauliza.

"Usichukue zile za mji wa zamani, hata kama foto iko muzuri. Gari haingie mule. Utabeba mabalo yako ya nguo ku kichwa ndani ya vichochoro, Bazungu bakupige foto. Chukua karibu na gare ya treni, yenye mulinzi ku mulango."

Tukachagua Novemba, karibu na gare. Hapo ndipo nikasema, "Watu wawili. Mimi naenda."

Yule mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Koko, bibi weye, baridi ya kule itakukunja kama shuka!"

Sikucheka. Nimefanya biashara ya mafuta ya mawese kupitia mpaka wa Ruhwa kabla ninyi hamjazaliwa. Hakuna mwanamke wetu aliyelala peke yake na mzigo. Mmoja anazunguka sokoni, mwingine anakalia mzigo. Mmoja analala, mwingine anakaa macho. Mwenzetu mmoja aligoma kungoja mtu wa kwenda naye. Tulimkuta asubuhi kwenye mtaro nyuma ya soko, vidole vitatu vimekatwa na panga, kwa sababu hakuachia kifuko chake. Alikuwa hai. Alikuwa anavitafuta vidole majanini. Tangu siku ile, kwangu safari ya mwanamke ni watu wawili.

Halafu nikasema neno ninalojutia. Nilimwambia mkwe wangu, "Bwana yako asijue kama naenda, mpaka wiki ya safari."

Nilimjua mwanangu. Angesema mama yake mzee anapelekwa kufia ugenini, akazuia safari yote. Na mkono wake ni mwepesi. Mara mbili niliona jicho la mke wake limevimba, mara mbili nikaambiwa ni mlango. Mkono ule hakuuokota barabarani. Baba yake alinipiga mbele yake, mimi nikafuta uso nikaendelea kupika. Na mimi mwenyewe nilimlea yeye kwa fimbo ya mkaratusi. Nayaandika haya kwa sababu yalikuwa hivyo.

"Niapie," nikamwambia. Akaapa kwa Bikira Maria.

Binti wa duka la kompyuta ndiye aliyeweka hoteli. Akauliza watu wangapi. Wawili. Vitanda? Nikasema kimoja kikubwa kinatosha, nimelala na wanawake wenzangu kwenye mkeka mmoja miaka na miaka. Jina aliandika moja tu, la mkwe wangu. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa. Karatasi ikatoka kwa Kifaransa. Mimi Kifaransa sisomi, lakini mbili naijua nikiiona, na niliiona pale.

Mwanangu Kifaransa anasoma.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi za mchana. Nilikuwa bondeni nachimba viazi vitamu, nikasikia mjukuu wangu wa kike anapiga kelele jina langu. Nikapanda na jembe begani. Nilipofika juu, jembe sijui niliangusha wapi.

Mkwe wangu alikuwa chini, mgongo kwenye ukuta wa jiko. Mdomo ulikuwa nyama tu. Mwanangu amesimama juu yake, karatasi mkono wa kushoto, mshipi wake wa suruali mkono wa kulia, upande wa chuma ndio unaning'inia.

"Watu wawili, kitanda kimoja!" alikuwa anasema. "Sema ni nani! Wa pili njo nani? Juu ya nini unanyamaza?"

Akapiga. Chuma kilimpata begani na nikasikia mfupa. Nawaambia nilisikia, kama kuni kavu. Na yule mwanamke hakujibu. Aliniona mimi nimefika, akaniangalia na jicho moja lililobaki wazi, akafunga mdomo ule uliopasuka. Alikuwa anatunza kiapo changu. Neno moja lingemwokoa, na mimi ndiye niliyemfungia.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Wa pili ni mimi, mama yako!"

Hakugeuka hata. "Maman, toka hapa. Weye? Weye mwenye unaogopa kupanda pikipiki, utapanda ndege? Usimufiche malaya."

"Ni mimi nasema!"

"Toka!" Akanisukuma na kiwiko, nikaanguka juu ya kinu. Alipoinua mshipi tena, aliulenga uso.

Mchi wa sombe ulikuwa kando ya kinu, bado una majani ya muhogo. Niliushika kwa mikono miwili na nikaupiga mkono wake, chini kidogo ya kiwiko, kwa nguvu zote za kutwanga nilizo nazo tangu utoto. Mkono ukakunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Akalia kama mtoto. Nikampiga tena, mgongoni, na ya tatu, na singeacha kama majirani wasingenishika. Ile ya kwanza ilikuwa ya kumwokoa mtu. Hizo nyingine zilikuwa zangu, za miaka ya baba yake.

Wote wawili walibebwa hospitali. Mkwe wangu alipoteza meno mawili, na mfupa wa bega ulivunjika. Mkuu wa mudugudu, kijiji chetu, alikuja akaniuliza taratibu, "Mukecuru, mama mzee, hamuwezi kumaliza mambo haya kifamilia?" Nikamjibu kwamba kifamilia ndivyo tulivyoyalea mpaka yakafika hapo. Nikaenda mwenyewe kueleza polisi, pamoja na kile cha mchi. Mwanangu walimchukua akiwa na plasta mkononi.

Novemba ikapita, kile chumba kilipotea. Mkwe wangu alikaa na mkono umefungwa, na nilidhani hataki tena kusikia habari ya Moroko. Siku moja namlisha uji, akasema polepole, kwa sababu ya meno, "Maman, mfungo wao unaisha mwezi wa tatu. Kabla ya kondoo kunabaki nafasi."

"Karibu na gare?" nikauliza.

"Karibu na gare."

Nikawaita wote jikoni, yeye, wajukuu wangu, hata dada wa kazi. Nikasema, "Kesho muende kwa yule binti wa kompyuta. Muandike watu wawili, kitanda kimoja, na majina yote mawili, langu likuwe la kwanza. Karatasi muibandike ku mulango wa nje, pale kila muntu anapita. Mwenye atauliza wa pili njo nani, mumulete kwangu."