Sakafu ya Mninga Niliyoipaka Asali

Niuseme ujinga wangu mwenyewe kabla jirani yangu hajausema, maana yeye huongeza chumvi. Niliipaka asali sakafu yangu mpya ya mbao, sebuleni kwangu Chemchem, hapa Tabora, alasiri ya kuamkia siku ambayo mama yangu alikuwa anakuja kutoka Usinge. Sikujua kwamba ni asali. Nilidhani napaka nta. Sisimizi waliligundua kosa langu alfajiri, na ilipofika saa nne nyuki nao walikuwa wamepata habari.

Sakafu yenyewe niliitengeneza kwa ajili yake. Mwaka uliotangulia mama alikuja kukaa kwangu, baada ya sisi watoto wake kumbembeleza muda mrefu aache kuishi peke yake kule shambani. Alikaa siku nne. Wakati huo sebule ilikuwa na marumaru nyeupe, zile za kung'aa mpaka ukiinama unajiona kidevu. Siku ya pili akateleza akitoka bafuni, akaangukia nyonga. Hakuvunjika, lakini tangu hapo alitembea akishika ukuta, taratibu, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Siku ya nne akafunga mzigo wake kwenye kanga.

"Mwanangu," akasema, "nyumba yako nzuri. Ila mimi siwezi kutembea ndani yake."

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wana vijiwe vya kahawa, mimi nina kochi. Kuambiwa na mama kwamba nyumba yangu haitembeleki kuliniuma kuliko kama ningeambiwa kwamba mimi mwenyewe ni mbaya wa sura, jambo ambalo nimekwisha kuambiwa na nikalizoea.

Ndipo nikaikumbuka sakafu ya baba.

Baba alikuwa seremala kule Ng'ambo, mtaa wa hapa hapa mjini. Chumba cha mbele cha nyumba tuliyokulia alikitandika mbao kwa vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu: hapa kipande cha mlango wa duka, pale cha kitanda cha bibi harusi, kule cha kabati la mwalimu. Hakuna ubao uliolingana na mwenzake. Ilimchukua miaka, safu moja leo, nyingine mpaka mwakani. Sisi watoto tulikuwa tumegawana mbao hizo. Dada yangu alikuwa na kitanda cha bibi harusi, mimi nilikuwa na ubao mwekundu wenye fundo kama jicho, na ukikalia ubao wa mwenzako unafinywa. Ilikuwa haki kabisa.

Siku mbili kabla ya Idi mama alichemsha nta uani kwenye sufuria kuukuu. Alitufukuza, maana nta hushika moto. Tuliitwa kazi ikishafika ndani: alipaka kidogo kwa kitambaa, kisha akatufunga vipande vya blanketi miguuni na kutuambia tuteleze. Tukateleza kutoka ukuta hadi ukuta, tukigongana, tukicheka, tusijue kwamba tunafanyishwa kazi. Chumba kilinukia msitu. Na yeye baadaye alipita hapo peku, mikono imejaa vyombo, hatazami chini hata mara moja.

Baba alipofariki nyumba iliuzwa, mama akahamia shambani Usinge. Aliyeinunua alimwaga zege humo ndani, sasa ni duka la simu. Nimepita pale mara nyingi. Siingii. Nitamwambia nini muuzaji, kwamba amesimama juu ya ubao wangu?

Basi nikamtafuta fundi mmoja mzee aliyejifunza kazi kwa baba, tukaenda kuchagua mbao. Nilitaka aone kwamba mimi ni mtoto wa seremala, nikawa nagonga kila ubao kwa kifundo cha kidole na kutega sikio.

"Unabisha hodi?" akaniuliza. "Hakuna mtu humo."

Akanifundisha kwa ufupi. Mti wa mtundu ni mgumu lakini hujipinda kama mtu mwenye kinyongo. Mkurungu ni mzuri, ila siku hiyo ulikuwa mbichi. Mninga hautikisiki sana, mvua ije, kiangazi kije, na mchwa hawaupendi. Aliinua kila ubao usawa wa jicho kutazama kama umenyooka, akatafuta alama ya nyundo ya maofisa wa misitu, ya kuthibitisha kwamba ni halali, usio nayo akaurudisha. Mimi nilibeba daftari.

Mbao zilipofika nilidhani kesho yake natembea juu yake. Fundi akazipanga katikati ya sebule, vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, akaniambia tukutane baada ya wiki tatu.

"Zizoee nyumba kwanza," akasema.

Wiki tatu nilikunywa chai nikiwa nimejibana kati ya kochi na rundo la mninga. Hapo ndipo jirani yangu alipoanza. Ni mama wa Kizaramo aliyeolewa hapa Tabora. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu mpaka kwao pwani. Kwa hiyo yeye ana ruhusa ya kunitukana, na mimi sina ruhusa ya kununa.

"Mtani," alisema akichungulia dirishani, "babu zako walibeba mizigo miezi mitatu wakafika baharini. Wewe mzigo umekushinda kutoka mlangoni mpaka ukutani?"

Fundi aliporudi alitandika nailoni juu ya marumaru, juu yake fito za mbao, ndipo akaanza kupigilia. Kila ubao ulikuwa na ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, unaingia kwa mwenzake kwa kugongwa polepole. Kandokando ya kuta aliacha nafasi ya unene wa kidole. Nikamwambia amepima vibaya. Akaniambia mbao hutanuka masika, na zikikosa pa kwenda zitakwenda juu, na mimi nitakuwa juu yake. Mwisho tukagundua milango haifunguki kwa sababu sakafu imepanda, ikabidi kila mlango ung'olewe na kupigwa randa chini. Hilo sikuliandika kwenye daftari.

Fundi alitaka kupiga vanishi. Nikakataa. Nilimpigia mama simu nikamuuliza sakafu ya baba ilikuwa inapakwa nini.

"Nta," akasema. "Ya nyuki. Kwani unajenga?"

"Hapana, mama. Nauliza tu."

Kosa langu lilizaliwa hapo. Sehemu niliyoiona utotoni ni kitambaa na kuteleza. Sehemu ya sufuria nilikuwa nimefukuzwa. Nikanunua masega yaliyokamuliwa, nikayaanika juani yakalainika, nikapiga magoti na kusugua sebule nzima. Ikang'aa ajabu. Ilinata kidogo, nikasema ndiyo, imeshika.

Kesho yake mama aliposhuka kwenye bajaji alinikuta nimesimama nje ya mlango wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uko nje?"

"Kuna nyuki ndani."

Jirani alikuwa tayari kwenye uzio. "Karibu, mama! Mwanao ameandaa karamu. Amekusahau wewe tu."

Mama akavua ndala. Akainama kizingitini, akagusa ubao, akaonja kidole.

"Hii asali."

"Ni nta, mama."

"Masega uliyachemsha?"

"Niliyaanika."

"Ukayachuja na nini?"

Nikatazama bajaji ikiondoka.

"Babu yako alikuwa na mizinga msituni mpaka hajui idadi," akasema, "na mjukuu wake anapaka masega kama siagi."

Nilitamani anifokee zaidi, maana nilichokiogopa ni kingine: kwamba angetazama ile sakafu, akaona haitembeleki tena, akageuza. Hakugeuza. Aliniagiza masega yaliyobaki niyaweke kwenye sinia mwisho wa uwanja. "Hawa nyuki hawana vita, wamekuja kula," akasema, na kweli, kidogo kidogo wakahamia huko. Akaomba maji ya moto na vitambaa vilivyokamuliwa vizuri. "Mbao haiogeshwi, inafutwa." Tulifuta mpaka alasiri, mimi magotini, yeye akitembea mbele yangu kunionyesha palipobaki.

Sikuliona mara moja. Alikuwa anatembea. Peku, katikati ya sebule, mikono imejaa vitambaa, mbali kabisa na ukuta.

Siku zilizofuata alichemsha masega uani, akayachuja kwa kipande cha kanga, nta ikaganda juu ya maji, ya njano kama mahindi. Aliiyeyusha tena na kuichanganya na mafuta, na safari hii hakunifukuza. Niliona yote, kwa kuchelewa miaka arobaini. Tulipaka nyembamba sana. "Ukiiona nta, umezidisha," alisema. Kisha akanifunga blanketi miguuni, mimi mzee wa mvi, nikateleza kutoka ukuta hadi ukuta. Harufu ya msitu ikapanda. Mama aligusa ubao mmoja kwa kidole cha mguu, akasema baba angepata pa kuukosoa, akageuka kutazama dirishani kwa muda.

Hata hivyo wiki ya pili ilipoisha nilimkuta amekaa chini juu ya mninga, anafunga mzigo wake kwenye kanga. Sakafu nilikwisha kuitengeneza, nyingine sina. Jirani alikuwa ameleta vitumbua, akasimama mlangoni na sahani mkononi, akamuuliza:

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nyumbani, mwanangu. Nina kuku kule, hawana mtu."

Jirani akanitazama mimi, na yale mablanketi ya kusugulia sakafu asubuhi hiyo bado miguuni, akamtazama mama.

"Kuku wako wana akili, mama. Huyu wa hapa hana. Kaa na huyu."