Maisha ya Profesa, Tulivyoyasoma Getini

Mwaka 2011, nikiwa mwanafunzi wa uzamili wa uhandisi mjini Durban, nilisifiwa mbele za watu kwa kazi ambayo nusu yake haikuwa yangu. Mwenye nusu hiyo alikuwa mlinzi wa ghorofa nililopanga mtaa wa Umbilo, mzee kutoka Burundi. Hata hapa jina lake silitaji, kwa kuwa sikuwahi kumwomba ruhusa. Lakini mahali lilipopaswa kuandikwa tangu mwanzo, niliyeliacha ni mimi.

Nilikuwa nimefika kutoka Morogoro mwaka mmoja kabla ya hapo, na masomo yalikuwa yananishinda. Mtihani mmoja nilikuwa nimeurudia. Msimamizi wangu, mama wa Kihindi aliyekulia kitongoji cha Chatsworth, alikuwa mtu wa subira, ila nilishaanza kumwona ananitazama kama mtu anayetafuta maneno ya upole ya kuniambia nirudi kwetu. Badala yake akanipa kazi ya pembeni. Idara ilikuwa na sanduku la karatasi kuukuu zilizoachwa na mhandisi mmoja Mwingereza, aliyejenga gati bandarini Durban enzi za Malkia Victoria. Ndani mlikuwa na daftari zake za chuoni, na barua alizoandikiwa kwa miaka mingi na profesa wake aliyebaki Uingereza.

"Tuandikie maisha ya huyu profesa," akaniambia. "Utayasoma mbele ya idara, kisha tutayachapa."

Nikatoa fotokopi, nikaenda nazo nyumbani. Jumamosi mchana chumba changu kilikuwa kama tanuri, kwa hiyo nilishuka na kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na geti, mahali penye upepo. Mwandiko wa profesa ulilala kama nyasi zilizopigwa na mvua. Hesabu zake hazikuwa na maelezo. Nilikuwa nimekodolea macho mchoro mmoja kwa nusu saa nzima, niliposikia mzee wa getini anasema nyuma ya bega langu:

"Hii mashini umeitoa wapi, mama?"

Watu wa kwao humwita mama hata binti mdogo, kwa heshima.

"Ni ya zamani sana, baba. Hata sijui ilikuwa ya kazi gani."

"Ni ya kuvuta chuma mpaka kikatike. Unaona, hapa iko mkono mrefu, na uzito unatembea juu ya mkono. Kwetu tulikuwa na moja."

"Kwenu wapi?"

"Chuoni. Nilifundisha miaka kumi na saba." Akamfungulia geti mpangaji aliyekuwa anaingia na gari, kisha akarudi. "Mwishoni nilikuwa mkuu wa kitivo. Halafu vita."

Mwaka mzima nilikuwa nimempita nikimwambia "sharp, baba", salamu ya vijana wa Durban, huku natazama simu.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi mchana tulisoma pamoja. Yeye ndiye aliyenifungulia maisha ya yule profesa. Profesa alikuwa mtoto wa fundi wa mabehewa, akaingia karakana angali mdogo, akasoma hesabu jioni baada ya kunawa mafuta. Alijenga madaraja ya reli kwa miaka kadhaa, na moja likapasuka. Hakufa mtu, ila hakusahau. Alipopewa kiti cha uprofesa kwenye chuo kipya, alikuta uhandisi unafundishwa kwa chaki peke yake. Akaomba chumba cha chini kilichokuwa cha makaa ya mawe, akaweka humo ile mashine ya kuvuta chuma. Kila mwanafunzi, hata mtoto wa tajiri, alitakiwa avue koti na kuvunja kipande cha chuma kwa mikono yake kabla ya kuruhusiwa kuandika neno juu ya nguvu za chuma.

"Huyu ni mwalimu," mzee alisema, akigonga karatasi kwa kidole. "Huyu ni mwalimu kweli."

Kisha wakamfanya mkuu wa chuo kizima. Kuanzia hapo barua zinakuwa fupi. Anaandika juu ya vikao, juu ya matajiri anaowabembeleza wajenge ukumbi, juu ya maprofesa wa Kilatini wanaosema mafundi hawastahili digrii. Katika barua moja anamwambia mwanafunzi wake wa Durban kwamba amekaa mwaka mzima bila kushika chuma. Mimi niliisoma nikaipita. Mzee aliirudia mara tatu.

"Hapa anaomboleza," akasema. "Mimi najua. Wanakupa ofisi kubwa na wanakutoa kwenye kazi yako. Andika hivyo."

Nikaandika hivyo, kwa maneno yake.

Tulipofika kwenye nakala ya hotuba ambayo profesa aliitoa siku ya kuzindua maabara kubwa, tuliona kwamba aliianza kwa kumtaja kwa jina fundi wake wa karakana, mtu asiye na cheti chochote, akisema mkono wa ile mashine ulikuwa wazo la fundi huyo. Mzee alicheka kwa furaha. Mimi niliinama kama naandika. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza siku yangu ya kuzungumza, na katika mawazo yangu mzee hakuwemo.

Wiki ya mwisho aliniuliza, "Wanaruhusu watu kuja kusikiliza? Ningebadilishana zamu na mwenzangu."

"Ni watu wa idara tu, baba."

Haikuwa kweli. Mlango ulikuwa wazi kwa yeyote. Niliona aibu, na sitaipamba. Niliogopa atakaa mstari wa mbele na sare yake, atauliza swali kwa ule ujuzi wake, na wote watatambua mara moja maarifa yametoka wapi. Nilijiambia kwamba mimi ni mgeni, ni mwanamke, nimeshafeli mara moja, sina nafasi ya kugawana. Yeye naye alikuwa mgeni, tena aliyepoteza zaidi yangu. Hilo sikujiambia.

Siku yenyewe ilikwenda vizuri kupita nilivyoota. Mhadhiri mmoja aliuliza nimewezaje kuzielewa hesabu za ule mkono wa mashine, maana yeye mwenyewe zilimshinda. Msimamizi wangu alinigeukia akitabasamu.

"Nilikaa nazo muda mrefu," nikajibu.

Jioni nilipokuwa natembea kurudi nyumbani, nilisimama Umbilo Road kwenye robot, kama wanavyoziita kule taa za barabarani, kungoja kuvuka. Kwenye nguzo palikuwa na bango la mhadhara wangu, lenye jina langu kwa herufi kubwa, na chini yake maneno kwamba watu wote wanakaribishwa. Mzee alipita kwenye kona ile kila asubuhi akienda kazini.

Nilimkuta getini. "Ilienda vizuri?" akauliza.

"Vizuri, baba."

"Namshukuru Mungu," akasema, akanifungulia.

Kijitabu kilipochapwa, aliniomba nakala. Nilimpelekea nikiwa na maneno mengi mdomoni. Alikifungua ukurasa wa mwisho, penye shukrani, akasoma polepole orodha ya majina: msimamizi, maktaba, mama yangu, wenzangu wa darasa. Akarudi mwanzo, akakisoma chote akiwa amesimama. Kisha akachomoa kalamu ya risasi mfukoni.

"Hapa umekosea alama," akasema. "Ni kutoa, si kujumlisha." Akasahihisha, akanirudishia.

Nilifaulu. Nikahama Umbilo, nikapewa kazi ya kufundisha, na ile kazi juu ya profesa ilikuwa ya kwanza kwenye orodha ya sifa zangu. Mara mbili nilipita pale getini kwa nia ya kusema. Mara ya kwanza palikuwa na watu. Mara ya pili alikuwa peke yake, na bado sikusema.

Mwaka 2015 wageni walipofukuzwa majumbani mwao Durban, nilisikia kwamba yuko Chatsworth, uwanjani kwenye mahema. Nilikwenda na mablanketi. Nilimkuta anapanga foleni ya maji, anawaita wanawake wenye watoto waje mbele. Alikuwa amekonda. Nikamvuta pembeni, nikamwambia kila kitu: bango, shukrani, lile jibu nililompa mhadhiri. Nililia, na nilichukia kwamba nalia, maana ilimlazimu yeye kunifariji.

Hakunifariji.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Nilikungoja uniambie. Miaka minne, mwanangu. Sasa umekuja kuniambia hapa." Akaonyesha mahema kwa kidevu.

"Nisamehe, baba."

"Nitakusamehe. Leo nimechoka." Mtu akamwita kutoka kwenye foleni. Akachukua blanketi moja, yaliyobaki akaniambia niwape wenye watoto, akaenda.

Baada ya siku chache aliondoka na wengine waliorudishwa kwao. Namba yake haikupatikana tena.

Nilimweleza msimamizi wangu. Akasema kijitabu hakiwezi kurudishwa, lakini sanduku ni la idara. Nikaandika ukurasa mmoja: jina lake, chuo alichofundisha, kazi aliyoifanya, na kwamba nilimficha. Akausaini, nasi tukauweka juu ya barua za profesa. Sijui kama kuna mtu amewahi kuusoma. Nilipotoka ofisini nilitegemea kujisikia mwepesi, lakini sikujisikia hivyo. Nilikuwa na darasa saa nane, nikaenda kufundisha.