Nembo ya Maseremala wa Mafinga

Nakumbuka Jumamosi moja alasiri, mwanangu, miaka ile ya sabini, nilipokaa ndani ya sinema pale Iringa mjini nikitamani kiti kinimeze. Umenionyesha video uliyoitengenezea kwaya yenu ya Mbeya, na ile nembo pembeni imefifia kama nguo iliyofuliwa mara mia. Sikucheki. Mimi yangu iliharibika mbele ya ukumbi mzima.

Nilikuwa msichana mchoraji wa mabango, na ile ndiyo kazi yangu ya kwanza peke yangu. Ushirika wa maseremala wa Mafinga ulinipa nichore nembo yao kwenye kioo kidogo cha tangazo, kile kilichomulikwa ukutani kabla ya filamu kuanza. Nembo yenyewe ilikuwa msumeno uliolala chini ya msonobari. Ya asili ilichongwa kwenye mlango wa karakana yao, lakini Mafinga na baridi yake sikwenda. Nilikuwa na barua yao yenye muhuri, nikaona yatosha, nikanakili kale kanembo ka kwenye muhuri, kadogo kama kifungo cha shati, wino umeshatapakaa. Uvivu wa ujana hujiita akili.

Maseremala wakaja na lori la mbao, wamevaa mashati ya kanisani, na wake zao. Kioo kikamulikwa. Mwanangu! Kila mtetemeko wa brashi yangu ukawa mnene kama mkono, na meno ya msumeno yote yameshikana, umebaki donge refu. Mtu wa nyuma akauliza, "Hawa wanauza mikate?" Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee Kalinga, mwenyekiti wao, aliyeuchonga mlango ule mwenyewe, hakucheka. Hadi leo nikikumbuka masikio yanawaka.

Nje alinisalimu kwanza, "Kamwene, binti," ndipo akauliza nilinakili wapi. Nikasema kweli.

"Sisi tukikata miguu ya meza," akasema, "ule wa kwanza tunautunza. Yote inapimwa kwa huo. Ukipima wa tatu kwa wa pili, wa nne kwa wa tatu, mwisho meza inachechemea. Wewe umepimia mguu wa mwisho."

Nilijua kazi imeniponyoka. Yeye akaonyesha lori. "Linarudi Mafinga. Panda."

Kule nilibandika karatasi kubwa mlangoni, nikaisugua kwa mkaa mpaka nembo yote ikatoka. Nikanyoosha kingo taratibu, kisha mpiga picha wa mjini akaipunguza ikaingia kwenye kioo. Ilipomulikwa tena, maseremala wakaanza kuhesabu meno kwa sauti, moja, mbili, tatu, hadi kumi na manne, hakuna lililokosekana. Mzee Kalinga akasimama akipiga makofi, akaambiwa akae watu waone filamu. Nililia kwa furaha.

Basi mwanangu, hiyo nembo iliyopita simu kwa simu hadi ikakufikia, iache. Ndogo ukiivuta hutawanyika. Kubwa ndiyo hupunguzwa ikabaki safi. Mpigie aliyeichora, umwombe ile ya kwanza kabisa, uitunze. Kuuliza si ujinga. Na kwa hili lililotokea usivunjike moyo, kosa moja haliachi mke.

Mungu akubarikie mikono na macho. Na siku kazi yako itakapomulikwa mbele za watu, wahesabu meno yote.