Mado ni wa Nani

Victorine alizikunja nguo za mwanawe Mado, akazikunjua, akazikunja tena. Ilikuwa Septemba 1961, Katanga imejitenga na Kongo, na pale mtaani Ruashi vijana wenye marungu walipita nyumba kwa nyumba wakiwasaka watu wa Kasai. Naye Victorine ni Mkasai wa baba na mama.

Mumewe Kalaba, Mbemba wa hapo hapo Katanga, alifundisha sayansi shule ya msingi. Aliwaambia wanafunzi kwamba maziwa yakiingia kwenye chai huenea yenyewe, ila hayatoki yenyewe. Fujo huja bure, mpangilio hudai jasho. Wakubwa wa nchi hawakupita darasani kwake. Walitaka kuwachambua watu kama maharage, huyu huku, yule kule, na kadiri walivyochambua ndivyo mji ulivyovurugika.

Casimir, kaka yake Victorine, alifika na baiskeli kumpeleka kambi ya wakimbizi, kwa askari wa Umoja wa Mataifa.

"Mutoto atabakia," alisema. "Kwetu mutoto ni wa baba yake."

Mzee Ngosa, mjomba wa Kalaba, akatikisa kichwa. "Kwetu mutoto ni wa ukoo wa mama. Aende na mama yake. Akibakia, bale vijana batatuchomea nyumba."

"Yaya, iko na miaka sita tu," Victorine akamwambia kaka yake.

Inakera. Husemwa fahali wawili wakipigana nyasi ndizo huumia. Hawa hata hawakupigana. Kila mmoja alikuwa na mila yake safi, na mtoto amesimama katikati akinyonya kidole.

Kalaba akavaa koti, akafunga mlango, akampa mjomba ufunguo. "Naenda nabo. Mutoto ni wetu."

"Shemeji," Casimir alisema, "vile huku banatufukuza siye, kule kambini banachukia Babemba."

"Najua."

Victorine alifurahi hata akaona aibu, kisha hofu ikamshika. Mado akapandishwa kwenye baiskeli. Njia nzima alimfundisha mumewe salamu ya Kiluba cha Kasai, na kila alipoijaribu, Kibemba kilisikika ndani yake. Kambi ilipoonekana akaacha.

"Usiseme kitu, baba Mado. Nitasema miye."

Akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wakaingia.