Nilibadilisha Jina Moja Kwenye Faili Zote

Admin, usiniweke wazi tafadhali. Mimi ni dada wa miaka thelathini na mbili, naishi peke yangu chumba kimoja hapa Free Area, Nakuru. Naitwa Wanjiku, na kwa vile kina Wanjiku tumejaa kila mahali, hata mkilijua hilo hamtanijua.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta ya kampuni ya maziwa. Kila kituo cha kukusanya maziwa kina script yake, yaani faili ndogo ya maagizo inayowatumia wakulima ujumbe kila asubuhi. Nafanyia kazi nyumbani, na bosi huniandikia tu. Tangu mama afariki kule Elburgon, naweza kumaliza siku tatu sijaongea na mtu. Msinicheke, kuna siku nilimsalimia fundi wa stima mara mbili.

Aliyekuwa na kazi hii kabla yangu aliitwa Njoroge. Kila ujumbe uliishia, "Ukiwa na swali, piga simu kwa Njoroge," na namba yake. Alipoacha kazi, bosi akaniambia niweke jina langu na namba yangu. Faili zilikuwa zaidi ya thelathini. Nikajifanya mjanja, nikaandika amri moja, kila penye Njoroge paandikwe Wanjiku, na namba yake iwe yangu. Sikuangalia kwanza, wala sikuweka nakala. Kumbe majina ya wakulima yalikuwa humo humo, na huku kwetu watoto hupewa majina ya babu zao, kwa hivyo kina Njoroge ni wengi kupindukia. Wote wakaamka wakiitwa Wanjiku.

Simu zililia asubuhi nzima, nikatukanwa vya kutosha. Halafu akapiga mzee mmoja wa Subukia.

"Wewe ndio Wanjiku wa maziwa? Mimi ni Njoroge, lakini hii simu inaniita Wanjiku."

"Pole sana mzee, ni makosa yangu. Narekebisha saa hii."

"Ngoja kwanza, msichana wangu. Wanjiku alikuwa bibi yangu, mama ya watoto wangu. Hiyo maziwa ni yeye alikuwa anapeleka. Tangu tumzike, hakuna mtu hutaja jina yake hapa, wanaogopa nitalia. Wacha tu ikae hivyo."

Nikaiacha. Wengine wote niliwarudishia majina yao mmoja mmoja kutoka daftari za vituo, yeye nikamruka. Sasa kila siku saa tatu, akishapata ujumbe, ananipigia. Ananiambia ng'ombe ameamkaje, ananiuliza kama nimekunywa chai. Mara nyingi sijanywa, basi naweka maji kwa jiko tukiongea.

Wiki iliyopita bosi aliandika kwamba orodha itakaguliwa Ijumaa, na jina lolote likipatikana si la mwenyewe, kazi sina. Ana haki. Kurekebisha ni mstari mmoja, hata dakika haifiki. Nimeifungua faili mara nne na kuifunga.

Nilijaribu kumwambia mzee jana. Kabla sijaanza akasema, "Leo umeamka na sauti mzuri."

Nimekuwa nikijidanganya kwamba namhurumia yeye. Ukweli ni kwamba hakuna mtu mwingine anayenipigia. Nikirudisha jina lake, atakuwa na sababu gani ya kunitafuta?

Ijumaa ni kesho kutwa. Nishaurini jamani, nifanye nini?