Kovu la Korosho

Faraj wa Kuze, Mombasa, alijua sheria za nchi nne, na katika hizo nne hakuwahi kukanyaga ila hii aliyozaliwa. Hata Unguja hakufika, kwa sababu melini walitaka abiria aonyeshe kovu la chanjo ya ndui, na Faraj akiona kisu cha mganga hukimbia. Aibu hiyo aliifunika kwa elimu. Kila alasiri ungemkuta barazani kwake, kanzu imepigwa pasi, akiwasomea wenzake sheria za chanjo kana kwamba ni yeye aliyezitia muhuri.

Mejumaa, dada yake mkubwa, alishona kofia nyuma ya pazia, akimsikia yote na kumdharau kwa yote. Yeye ndiye aliyemlea. Ndui ilipoingia nyumbani kwao, Faraj alikuwa mtoto wa kunyonya, akakimbizwa Mtongwe kwa nyanya yake. Mejumaa alikuwa na miaka kumi. Mama yao alikufa, na ndugu wawili wakafuata wiki hiyo hiyo. Yeye alipona na uso uliochimbika, na tangu hapo hakumkabili mtu mzima, hata ndugu yake, bila kuvuta leso mpaka chini ya macho.

Mwaka wa 1946 Mahfudha, binti Faraj, alitimiza miaka saba. Mamake alikuwa ameachwa na kurudi kwao Lamu, na mtoto akabaki mikononi mwa shangazi. Shule ya wasichana ilikubali kumwandika kwa sharti moja, awe amechanjwa. Mejumaa hakuomba makubwa: mtoto huyu asome, na uso wake ubaki kama ulivyo.

Faraj akashika kalamu. Barua ya kwanza ilimweleza mwalimu mkuu, bibi wa Kizungu, kwamba kwao Uingereza baba akiapa mbele ya hakimu kuwa moyo wake haukubali chanjo, mwanawe haguswi. Hayo aliyaokota kwenye gazeti alilofungiwa sabuni Biashara Street. Akajibiwa kwa mstari mmoja kwamba hapa si Uingereza. Barua ya pili ikadai Mombasa ni ya Sultani, bendera yake nyekundu yapepea Ngomeni, Waingereza ni wapangaji tu, basi sheria za Koloni na zikomee darajani Makupa. Akajibiwa kwamba hata Unguja, kwa Sultani mwenyewe, watu huchanjwa. Ya tatu ilitaja Tanganyika, ambako, kwa maneno ya kuli mmoja wa Mbaraki, walimu hawaulizi. Hiyo haikujibiwa kabisa.

“Yuwaniogopa,” Faraj akatangaza barazani. “Hoja zimemwishia.”

“Na mtoto ataingia shule lini, shekhe?” akauliza Kamaludin, jirani yake muuza bizari.

Faraj akaitisha kahawa nyingine.

Siku tatu baadaye Mejumaa alikuwa akimwogesha Mahfudha, akaona mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Akakifungua. Palikuwa na malengelenge mawili meusimeusi, na Mejumaa hakuhitaji kuambiwa. Ni utomvu wa ganda la korosho, ule unaochoma ngozi, watoto watundu hujiandikia majina nao. Faraj alikuwa amemchoma mwanawe ili apate kovu la kuonyesha.

“Baba alisema nisilie,” Mahfudha akasema.

Mejumaa aliona hasira mpaka kata ikamponyoka mkononi. Mwanamume mzima, ndevu zake kifuani, aogopa mkwaruzo asiokwaruzwa yeye, kisha amuunguze mtoto na kumkataza kulia! Alimpaka asali, akamvalisha, na hakumwambia Faraj neno, kwa sababu maneno ndiyo aliyokuwa nayo Faraj kwa wingi.

Ngozi ilipokauka, shule ilitupia mkono ule jicho moja na kumwandika mtoto. Faraj alirudi ametanua kifua kama aliyeshinda kesi. Mejumaa akamshika Mahfudha mkono mpaka zahanati, kwa Kalama, dresa wa Kigiriama aliyekuwa akichanja.

“Hili ni kovu la korosho,” akamwambia. “Mchanje mwanangu.”

Kalama aliutazama mkono, akatikisa kichwa. “Nakuamini, mama. Lakini hapa kisiwani fomu yataka sahihi ya baba.”

“Kila mahali?”

Kalama akapunguza sauti. “Jumatano wachanjaji wako soko la Likoni. Kule ni wilaya nyingine, na utaratibu wao ni mwingine. Sahihi hutia yeyote aliyemleta mtoto.”

Nusura Mejumaa acheke. Miaka yote Faraj alihubiri kwamba kila ng’ambo ina sheria yake, na leo ndipo maneno yake yalipomfaa mtu. Jumatano walipanda feri, na Mahfudha akachanjwa mkono wa kulia. Safari hii aliruhusiwa kulia, akalia vizuri.

Wiki moja baadaye Faraj alikiona kidonda. Alikuwa barazani na wenzake, mtoto amemletea kahawa.

“Nani aliyetoa ruhusa?” akanguruma kuelekea pazia. “Baba ni mimi! Sheria yasema wazi kwamba—”

Pazia likafunguka. Mejumaa akatoka mpaka barazani, mbele ya wanaume wote, akaiteremsha leso. Miaka thelathini na zaidi Faraj alikuwa amekula chakula cha mkono wake, na tangu abalehe uso ule hakuuona tena mchana.

“Ruhusa n’lipewa na mamako,” akasema. “Na nduguzo wawili. Nenda makaburini ukawasomee sheria zako, uwaulize ni ya nchi gani ilowafaa.”

Kamaludin aliinamisha macho. Faraj akaanza kukunja mkono wa kanzu yake na kuukunjua kama mtu aliyesahau alikuwa akifanya nini.

Mahfudha peke yake ndiye aliyeuzoea uso ule. Alimsogelea shangazi yake, akajikuna.

“Yaacha lini kuwasha?”

“Kesho kutwa,” Mejumaa akamwambia. “Usikune. Jumatatu waenda shule.” Leso hakuirudisha usoni.