Halbadiri ya Ulaya

Dada yangu kaolewa Ulaya ya kaskazini. Siku moja alitupigia simu analia: videge visivyo na rubani vimepita juu ya mji wao, uwanja wa ndege umefungwa, na serikali inawaambia watu waweke akiba ya maji na chakula. Nani kavirusha? Hajulikani.

Mama, hapa Mji Mkongwe, akaona dawa ni moja tu: isomwe Halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwovu asiyejulikana. Mie nilikasirika. Majeshi yote yale yameshindwa, sisi na chetezo chetu cha udi ndio tutaweza? Lakini nilikwenda kumwita mwalimu wa madrasa aje kuisoma, maana sikuwa na jengine la kufanya.

Mwalimu alikaa mkekani, akauliza kama anavyouliza kila nyumba, "Bi mkubwa, una hakika hakuna wa kwenu anayevirusha? Hii haichagui mtu, humpata hata wa nyumbani."

Mama alikitazama chetezo kilichokwisha kuwashwa. Mjukuu wake, mtoto wa dada, kaitwa jeshini huko huko, na kazi anayofundishwa ni kurusha videge hivyo hivyo.

"Zima chetezo, mwanangu," mama aliniambia.

Jioni dada akapiga tena. "Mshasoma?"

Nikampa mama simu. Akanirudishia.